Kutu Isisingiziwe

Kuna maneno matatu ambayo nimeyasikia tangu nikiwa mwalimu kijana hadi leo ninapokaa kihambani kwangu Machame nikihesabu miaka ya uzee. Maneno hayo ni haya: "Limeliwa na kutu." Daraja la waenda kwa miguu likikatika, tunaambiwa limeliwa na kutu. Paa la darasa likivuja juu ya madaftari ya watoto, limeliwa na kutu. Bomba la maji likipasuka na kijiji kizima kikarudi mtoni na ndoo, nalo limeliwa na kutu. Maneno hayo husemwa kwa sauti ile ile tunayotumia kutangaza msiba wa mzee aliyekula chumvi nyingi, kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa na hakuna wa kuulizwa.

Mimi nakataa. Katika kurasa hizi chache nakusudia kumtetea mshtakiwa huyo anayehukumiwa kila siku bila kusikilizwa. Kutu haina haraka. Aghalabu hutoa taarifa mapema, tena kwa rangi nyekundu, na huendelea kuitoa mwaka hadi mwaka. Anayestahili kushtakiwa ni yule aliyeiona taarifa akaipita. Nami nimo katika kundi hilo, kama nitakavyoeleza.

Kwanza tuelewane kutu ni nini. Chuma hakipatikani ardhini kikiwa chuma. Huchimbwa kikiwa mawe au mchanga, kikiwa kimeungana na oksijeni, na ni moto mkali ndio unaowatenganisha. Wahunzi wa ukoo wa Washana kule Ugweno, Upare ya Kaskazini, waliijua kazi hiyo kabla hajaja Mzungu, na chuma chao kilifika hadi huku kwetu Uchagani kwa njia ya biashara. Lakini tangu siku kinapotoka tanurini, chuma hutaka kurudi kilikotoka. Kikipata maji na hewa kwa pamoja, kinarudi, na kule kurudi ndiko tunakokuita kutu. Chumvi huharakisha safari hiyo, ndiyo maana bati la Tanga au Unguja huchakaa upesi kuliko la Moshi mjini. Huku Machame hatuna chumvi ya bahari, lakini tuna masika, tuna ukungu unaoshuka kutoka msituni, na tuna migomba inayoweka kivuli na unyevu juu ya kila kitu tulichokijenga.

Ukielewa hayo, dawa inajitokeza yenyewe. Zuia maji au zuia hewa visikifikie chuma, na kutu itakosa kazi. Rangi huzuia, grisi huzuia. Zinki inayopakwa kwenye mabati huzuia, kisha hufanya zaidi ya kuzuia: bati likikwaruzwa, zinki iliyo jirani hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kipone. Mwingereza Humphry Davy aliitumia kanuni hiyo mwaka 1824 kulinda shaba ya manowari za nchi yake, na Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma katika zinki mwaka 1837. Elimu hii, basi, ina karibu miaka mia mbili. Hakuna siri iliyofichwa Ulaya tunayongoja tufichuliwe.

Wala tusidanganyane kwamba sisi watu wa mlimani hatujui maana ya kinga. Kila mkulima wa kahawa hapa anaujua ugonjwa unaoitwa kutu ya majani. Anajua pia chulebuni. Je, mkulima hungoja mpaka majani yapukutike ndipo atafute bomba la kunyunyizia? La hasha! Wazazi wetu walinyunyizia dawa ya shaba kabla ya mvua kukolea, kwa ratiba, kwa sababu mabwana shamba waliwafundisha, na watafiti wa Lyamungu hapa jirani, ambako kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa mwaka 1934, walithibitisha kwamba ukingoja kuona, umechelewa. Mkulima huyo huyo, akirudi nyumbani na bomba lake, huliacha chini ya mgomba likiwa na mabaki ya dawa ndani. Dawa ya shaba ni adui mkubwa wa chuma. Nilizoea kuwaonyesha wanafunzi wangu: tumbukiza msumari katika maji ya mrututu, na baada ya muda mfupi utauona umevaa shaba, huku chuma chake kikiyeyuka taratibu ndani ya maji. Mtu yule yule, siku ile ile, amekinga jani na kuliangamiza bomba. Jani ameliwekea ratiba; chuma amekiachia Mungu.

Sasa nataka kukupeleka mbali kidogo, ndugu msomaji, hadi Ziwa Tanganyika, kwa sababu huko ndiko nilikopata somo la kwanza juu ya jambo hili.

Mwaka 1974, nikiwa mwalimu mgeni katika mkoa wa Kigoma, nilisafiri kwa meli iitwayo Liemba. Fundi mmoja wa mitambo aliniona nikichungulia chini kwenye joto, akaniita nishuke. Akanionyesha mitambo ya mvuke ikifanya kazi, akaniambia kwamba mitambo hiyo imewahi kulala chini ya ziwa. Nilidhani ananitania kwa kuwa ni mgeni. Baadaye nilisoma nikakuta kwamba alisema kweli.

Meli hiyo iliundwa na Wajerumani huko Papenburg mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya makasha hadi Dar es Salaam, ikapandishwa treni na kuunganishwa upya Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walizidiwa vitani. Walipoona hawana budi kuiacha Kigoma, waliamua kuizamisha meli yao wenyewe karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani, adui asiitumie. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kila mahali. Julai 1916 wakaizamisha. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na walipoisafisha mitambo wakaikuta bado inafaa. Mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na iliendelea kwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970 ilipowekewa injini za dizeli.

Naam, maji ya ziwa lile ni baridi, hayana chumvi ya bahari, na hilo lilisaidia. Lakini tafakari kilichofanyika. Watu walioshindwa vita, wanaokimbia, wanaozamisha mali yao kwa mikono yao, walitenga muda na grisi ya kuikinga mitambo ambayo hawakuwa na hakika kama wataiona tena. Nasi, katika amani, tunakata utepe, tunapiga makofi, tunakula pilau, tunaondoka, na hakuna anayeuliza kopo la grisi limewekwa wapi.

Nimesema nimo katika kundi la washtakiwa. Sasa nieleze.

Katika miaka ya 1980 niliongoza chuo cha ualimu ambacho sitakitaja, kwa kuwa kosa lilikuwa langu na si la chuo. Tulikuwa na tenki kubwa la maji lililosimama juu ya miguu minne ya chuma. Mtunza majengo wetu alikuwa mzee mtaratibu, mwenye elimu ya darasa la nne na mwandiko mzuri kuliko wa walimu wengi. Huyu mzee aligundua kwamba udongo na majani makavu yalikuwa yamejikusanya kwenye nyayo za miguu ile, yakiweka unyevu mchana na usiku, na kwamba chuma kilianza kubanduka tabaka kwa tabaka. Akaniandikia barua. Aliomba brashi mbili za waya, msasa, makopo manne ya rangi ya kuzuia kutu, na vibarua wawili kwa siku tatu. Niliandika pembeni, "Isubiri mwaka ujao." Mwaka uliofuata akaandika tena, nami nikaandika vile vile. Mwaka wa tatu, fungu la ukarabati tulilihamishia kwenye jukwaa la mahafali, kwa sababu tulikuwa tunategemea mgeni rasmi mkubwa, na mimi sikutaka kuaibika.

Usiku mmoja wa masika, mwezi wa Aprili, mguu mmoja ulikatika na tenki likaanguka. Lilianguka juu ya njia ambayo wasichana waliipita kila alfajiri kwenda kuoga. Kama ingekuwa saa tatu baadaye, leo nisingekuwa na ujasiri wa kushika kalamu. Hakuna aliyeumia usiku ule. Lakini wiki zilizofuata wanachuo walichota maji mferejini, na homa ya matumbo ikaingia mabwenini. Walilazwa kadhaa. Binti mmoja, mwerevu kupita wenzake wote katika hisabati, alirudishwa kwao akiwa mifupa mitupu na hakufanya mtihani mwaka ule. Alipoteza mwaka mzima wa maisha yake kwa sababu ya makopo manne ya rangi.

Wakaguzi walipokuja niliandika taarifa. Unaweza kukisia nilichoandika: mguu wa tenki uliliwa na kutu. Mzee yule aliisoma taarifa, hakubishana nami. Alikwenda chumbani kwake akarudi na bahasha, akaiweka mezani kwangu, akasema, "Mwalimu, nakala zangu ni hizi." Zilikuwa barua zake tatu, na pembeni ya kila moja palikuwa na mwandiko wangu na sahihi yangu. Akaondoka. Tangu siku hiyo sijawahi kuisingizia kutu.

Najua jibu litakalotolewa, kwa kuwa mimi mwenyewe nililitoa kwa miaka mingi: hatuna fedha. Jibu hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linadanganya vizuri. Ni kweli kwamba fedha hazitoshi. Lakini tenki jipya lilinunuliwa, tena lilitugharimu mara nyingi zaidi ya rangi aliyoiomba mzee. Maana yake fedha ya kujenga upya ilipatikana. Iliyokosekana ni ya kutunza. Fedha ya tenki jipya huja na wafadhili, na picha, na jina kwenye kibao cha marumaru. Kopo la rangi halina kibao. Sijawahi kumwona mgeni rasmi akialikwa kuja kushuhudia chuma kikipigwa msasa.

Wala si sisi maskini tu tunaoipoteza mali kwa njia hii. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa kutu kilichoitwa NACE kilikadiria kwamba hasara ya kutu duniani ni dola trilioni mbili na nusu kwa mwaka, yaani takriban asilimia 3.4 ya pato la dunia nzima, na kwamba kati ya asilimia 15 na 35 ya hasara hiyo ingeweza kuepukwa kwa njia ambazo tayari zinajulikana. Tofauti iko katika kujifunza. Tarehe 15 Desemba 1967 daraja lililoitwa Silver, lililovuka mto Ohio huko Marekani, liliporomoka jioni likiwa limejaa magari, wakafa watu 46. Chanzo kilikuwa ufa mdogo katika kiungo kimoja cha chuma, ufa uliokuzwa na kutu pamoja na uzito, mahali ambapo jicho lisingefika bila kukifungua kiungo. Hapa lazima nikiri kwamba si kila kutu hujitangaza. Lakini Wamarekani hawakuishia kwenye maombolezo. Waliweka sheria, na mwaka 1971 zikatolewa kanuni za ukaguzi wa madaraja nchi nzima kwa vipindi maalumu, liwe linaonekana zima au bovu. Huko Paris, mnara wa Eiffel uliojengwa mwaka 1889 hupakwa rangi upya takriban kila miaka saba. Wafaransa hawangoji mpaka uanze kuyumba.

Nasikia mtu akisema, "Mwalimu, hiyo ni tabia ya Wazungu, sisi hatukuzaliwa nayo." Hapa nakasirika kweli! Nani aliyewafundisha babu zetu kutunza mfongo? Mifereji iliyoleta maji kutoka msituni hadi vihambani ilikuwa kazi ya uhandisi, na kila mfongo ulikuwa na watu wake, mzee wake, na siku zake za kuzibua na kusafisha. Aliyekosa kufika kazini bila sababu alitozwa faini, na asiyelipa alinyimwa maji. Hawakusubiri mfongo ubomoke ndipo waitane. Miradi ya maji ya bomba ya wilaya yetu ya Hai, iliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani kuanzia miaka ya 1990, ilipata sifa si kwa sababu ya mabomba tu, bali kwa kuwa watumiaji waliunda vyombo vyao, wakalipa ada, na ada ile ikatumika kulipa mafundi na kununua vipuri. Huo ulikuwa mfongo wa zamani uliovaa nguo mpya.

Kwa hiyo tabia ya kutunza ni yetu. Tuliiacha njiani tulipoanza kuamini kwamba kitu cha chuma ni cha Serikali au cha mfadhili, na kwamba cha Serikali hakina mwenyewe.

Niwageukie na mafundi wetu, maana nao sitawaacha. Kila njia panda kuanzia Boma Ng'ombe hadi Moshi kuna kijana anayechomelea mageti. Ni kazi ya heshima. Lakini moto wa kuchomelea huunguza zinki na rangi mahali pa kiungo, na hapo ndipo kutu itakapoanzia. Fundi anayejali husugua kiungo hicho kwa brashi ya waya, akakipaka rangi ya kuzuia kutu kwanza, ndipo aweke rangi ya mapambo. Wengi huruka hatua hiyo, wakapaka rangi inayong'aa juu ya kutu. Huko ni kumvika kanzu mtu mwenye kidonda. Nasi wanunuzi tuna hatia, kwa sababu tunabishana bei mpaka fundi anakosa ya kununulia kopo la pili, na dukani tunachagua bati jembamba kuliko yote kisha tunalaumu kiwanda.

Viwanda navyo vina somo lake. Hapa hapa Machame tuna kiwanda cha kutengeneza mashine, Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria katika miaka ya 1980. Kilisimama kwa muda mrefu, kisha Serikali kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa ikashika kazi ya kukifufua. Sisemi kilisimama kwa sababu ya kutu. Mambo ya uchumi wa miaka ile tunayajua. Nasema tu kile ambacho kila fundi wa mitambo anakijua: mashine iliyosimama inahitaji ulinzi zaidi kuliko inayozunguka. Inayozunguka hupata mafuta kila siku na jicho la mtu kila saa. Iliyosimama hubaki na unyevu peke yake. Kiwanda kinapofungwa kwa wiki moja au kwa miaka kumi, kazi ya mwisho kabla ya kufunga mlango iwe ile ya mafundi wa Liemba.

Na sisi walimu je? Kwa miaka mingi nimesimamia somo la kutu. Misumari mitatu katika chupa tatu: moja ina maji na hewa, moja ina hewa kavu, moja ina maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta. Wanafunzi huandika majibu sahihi, hupata alama zao, kisha hutoka nje chini ya paa linalopukutika kutu, na hakuna hata mmoja anayeinua kichwa. Kosa si lao. Tuliwafundisha kwamba kutu iko ndani ya chupa. Ningepewa nafasi ya kurudi chuoni hata kwa muhula mmoja, ningeyafunga madaftari, niwapeleke wanachuo nje wakaguzane kila bawaba, kila nguzo, kila msumari wa paa, waandike walichokiona na tarehe waliyokiona.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi naomba kila shule, kila zahanati, kila kanisa na msikiti, kila kiwanda, kiwe na daftari la vyuma vyake: kitu gani, kiko wapi, kilipakwa rangi au grisi lini, kitakaguliwa lini, na jina la mtu anayehusika. Ukaguzi ufanyike kabla ya masika na kabla ya vuli. Fungu la kazi hiyo liwe haramu kuhamishwa, hata kwa mahafali, na hasa kwa mahafali. Na mgeni rasmi anapokabidhiwa mkasi wa kukata utepe, aombe kwanza aonyeshwe daftari hilo. Lisipokuwepo, arudishe mkasi.

Yule binti alifanya mtihani wake mwaka uliofuata, akafaulu, akawa mwalimu. Tulikutana miaka mingi baadaye katika mkutano mmoja wa walimu mjini Moshi. Alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo Mkuu," akaniuliza habari za nyumbani, asitaje habari ya tenki hata kidogo. Sijui kama aliwahi kuambiwa habari za barua zile tatu. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia, nami sikumwambia. Ndiyo sababu nimeandika haya.